Barua Niliyoiandika Dhidi ya Tumbo Langu

Kasulu, Jumamosi, alasiri. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ukungu umekaa juu ya migomba, na mimi sina amani wala sijaitafuta.

Shajara,

Naomba ifahamike tangu awali kwamba ninaandika nikiwa na hasira, kwamba hasira hiyo ni halali, na kwamba sina nia ya kuipunguza ili msomaji ajisikie vizuri. Ninyi mnaopita ukurasa wangu huu wa mtandaoni kila juma kutafuta mfano wa barua ya kuomba kiwanja, au ya kumhamisha mwanafunzi, leo mnisamehe. Mfano wa leo upo, lakini sishauri mtu yeyote aunakili.

Leo, mbele ya wazee wa kanisa letu, nimetengwa kwa kosa la kuwa na mimba ilhali mume wangu yuko safarini mwezi wa kumi sasa.

Sina mimba.

Nina tumbo.

Sijapata kulieleza kwa maandishi, na kwa kuwa wengine wamelieleza vibaya, nitalieleza mimi. Nilijifungua mapacha, Bukuru na Butoyi, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, kwa upasuaji. Watoto walitoka; tumbo halikurudi mahali pake. Limelegea, limekunjamana, limeshuka juu ya kovu mfano wa gunia la maharage lililopakuliwa nusu na kuachwa wima. Ninapoinama kuwaogesha watoto, hunitangulia. Ninapoketi, huketi nami, juu ya mapaja. Ninaposimama ubavu, mtu asiyenijua hukadiria miezi sita, na anayenijua huwa hakadirii; hutangaza.

Muuguzi alinieleza kwamba misuli ya katikati imeachana, kwamba si ajabu kwa mwanamke aliyebeba watoto wawili kwa pamoja, na kwamba huenda ikachukua muda mrefu. Mama mkwe wangu ana maelezo mengine. Yeye alitoka Kibondo kuja kuniuguza, na hajaondoka. Siku ya tatu baada ya upasuaji alikuwa tayari na sufuria la maji ya moto na kitenge kilichokunjwa mara nne, anikande, kisha anifunge kiuno hadi nishindwe kupumua, kama alivyofungwa yeye kwa watoto wake saba. Muuguzi alikataza mpaka kidonda kifunge. Nilimtii muuguzi. Kidonda kilipofunga, nilimwendea mama mkwe kwa unyenyekevu, nikamwomba anifunge.

"Mwite muuguzi wako aje akufunge," alinijibu, akaendelea kupepeta maharage.

Tangu siku hiyo, kila ninapopita mbele yake, hulitazama tumbo langu na kuguna.

Nilijitahidi peke yangu. Nilinunua sokoni mkanda wa kubana tumbo, wa mtumba, nikauvaa kwa miezi miwili. Ulinipa vipele na harufu. Nilikunywa tangawizi ya kwetu Munanila, ile kali yenye kutoa machozi. Machozi yalitoka. Nililala chali sakafuni nikifuata mazoezi ya kwenye simu, Butoyi akinikalia kifuani na kucheka. Sipendi kuambiwa kwamba sikujaribu.

Sasa niandike jambo ambalo sikulisema hata leo, mbele ya baraza, pale ambapo lingenisaidia.

Mume wangu hajawahi kuliona tumbo hili. Alikwenda machimboni mapacha walipotimiza miezi minne, na katika miezi hiyo minne nilioga nikiwa nimefunga komeo, nililala na gauni, na alipouliza nilimwambia kidonda bado kinauma. Hakikuwa kinauma. Aliacha kuuliza, akafunga begi lake, akaondoka kama waume wengine waondokavyo, nami nikashukuru.

Nilishukuru. Neno hilo limenitoka lenyewe, na silifuti.

Mtaani walianza kwa mzaha. "Mama Bukuru, wengine hao tena?" "Safari hii watatu!" Dereva wa bodaboda aliniambia, "Mama kijacho, panda pole pole, sitaki kesi." Mwanzoni nilikuwa nikisahihisha, kwa sentensi kamili. Baadaye nilichoka. Na siku moja, kwenye zahanati, nikiwa nimempeleka Bukuru mwenye homa, mhudumu alinitazama tumboni, akanionyesha benchi la wajawazito, ambalo lina mgongo wa kuegemea na huhudumiwa kwanza. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi na mtoto mgongoni. Nilikwenda, nikaketi. Sikusema kwamba mimi ni mjamzito. Sikusema kwamba si mjamzito pia.

Mama Filomena alikuwa kwenye foleni, mita chache kutoka pale.

Mama Filomena ni mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa letu. Mimi ni katibu wake. Ni mwanamke mwenye sauti, mkono mzito wa kilimo, na mwandiko ambao Mwinjilisti wetu amekwisha kuukataa mara tatu. Majuma matatu yaliyopita alikuja kibarazani ninapoandikia watu barua zao, akavua kandambili zenye tope, akaketi.

"Mwakeye, Mama Bukuru."

"Mwakeye neza, Mama Mwenyekiti."

"Tuandikie barua. Ni mambo ya kanisa. Kuna mwenzetu amepotea, mumewe hayupo, na tumbo hilo linaonekana."

"Jina lake?"

"Jina uache wazi. Tutajaza wenyewe."

Shajara, naomba nieleweke. Katika kazi yangu, nafasi ya jina kuachwa wazi ni jambo la kila siku. Watu huja na siri zao. Mimi huandika hoja, wao hujaza majina nyumbani. Sijawahi kuuliza mara mbili, na nilijivunia kutokuuliza. Nilimhoji kuhusu ushahidi tu, kama ipasavyo.

"Ushahidi?" alisema. "Tumbo si ushahidi? Kikohozi unaweza kukibana, mwenzangu. Tumbo utalibana na nini?"

Nilikuwa nimevaa ule mkanda siku hiyo. Nilicheka naye.

Niliandika ukurasa mzima. YAH: MWENENDO USIORIDHISHA WA MWANACHAMA MWENZETU. Nilitumia "kwa masikitiko makubwa" na "kwa kuzingatia heshima ya nyumba ya Mungu". Kisha, bila kuombwa na mtu yeyote, kwa sababu barua ya mashtaka isiyo na pendekezo ni barua isiyo na miguu, niliongeza kifungu cha mwisho: kwamba mhusika akaguliwe tumbo na akina mama watu wazima wasiopungua watatu, faraghani, ili ukweli ujidhihirishe; na akikataa, atengwe na Meza ya Bwana pamoja na nyadhifa zake. Chini nikaweka: Nakala kwa Mhusika. Nilimsomea yote. Mama Filomena alinitazama usoni kwa muda mrefu, akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga. Nilidhani amezidiwa na uzuri wa lugha.

Jumatano ya juma hili, Mwinjilisti alinikabidhi nakala ya mhusika.

Kwenye ile nafasi, kwa kalamu nyekundu, kwa herufi zinazopanda na kushuka kama barabara ya Manyovu, kulikuwa na jina langu.

Sitaeleza usiku wa Jumatano, wala Alhamisi. Nitaeleza leo asubuhi. Tulikuwa watu wanane ndani ya kanisa, mvua ikipiga bati kiasi cha kumlazimu kila mtu kupaza sauti, hata kwa maneno ya aibu. Mwinjilisti ni mzee mpole, anayeamini kwamba jambo likifuata utaratibu litakuwa jema. Mimi pia niliwahi kuamini hivyo.

"Mama Bukuru, barua hii umeisoma?"

"Nimeiandika, Mwinjilisti."

Alivua miwani, akamgeukia Mama Filomena.

"Ego, ndiyo, ameandika yeye," Mama Filomena alisema bila kupepesa macho. "Zetu unazirudishaga, unasema hazina kichwa. Ya kwake hairudi."

Niliomba nafasi nimwulize swali moja: ilikuwaje akamjia mtuhumiwa mwenyewe? Nilitegemea atababaika. Hakubabaika. Macho yake yalijaa machozi, machozi ya kweli, na hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe.

"Tulitaka ujione," alisema. "Tulisema, akifika kwenye tumbo atalia, atatubu, na sisi tutaichana hapo hapo, yaishe. Wewe ukaongeza na kifungu! Nilitoka pale natetemeka. Nikawaambia wenzangu, huyu mama moyo wake ni jiwe la kusagia."

Wakaguna wote. Kwao jambo lilikuwa limethibitishwa. Mwanamke aliyepewa kioo akajitazama na kujichongea maneno mazuri, huyo si mwenye dhambi ya kawaida. Nilifungua kinywa nieleze kwamba sikujiona kwa sababu hapakuwa na kosa la kujiona nalo, lakini hata masikioni mwangu ilikuwa kama hoja ya wakili.

Kisha akaleta habari ya zahanati. "Alikaa benchi la wajawazito. Akaitwa wa kwanza. Akaenda."

"Ulikaa?" Mwinjilisti aliuliza.

"Nilikaa. Mgongo uliniuma."

Nadhani hapo ndipo niliposhindwa kesi, kama ilikuwa kesi.

Mwinjilisti, kwa nia njema, aliamua kumpigia mume wangu simu, akaiweka kwenye sauti ya wote. Nyuma ya sauti ya Baba Bukuru zilisikika mashine za kusaga mawe. Aliulizwa kama alipoondoka tumbo la mkewe lilikuwa katika hali hii.

"Tumbo?"

"Tumbo la mkeo."

Mashine zilisaga.

"Mzee, kusema kweli, sijui. Hajawahi kunionyesha."

Mtu fulani alicheka kwa pua. Sikugeuka kumtazama, nami najua kwamba nikijua ni nani nitamchukia hadi kufa, kwa hiyo sitauliza.

"Lakini yeye si mtu wa mambo hayo," Baba Bukuru aliendelea haraka. "Mama Bukuru, upo hapo? Kwani si uwaonyeshe tu yaishe?"

Waonyeshe tu.

Miezi minne nilifunga komeo ili yeye asilione. Leo ananishauri, kwa sauti ya wote, niwafunulie Mama Filomena na wenzake wawili ndani ya chumba cha kuhifadhia madaftari na ndoo za usafi, ili mambo yaishe. Simu ilikatika kabla sijajibu. Mtandao wa huko, mara nyingine, una hekima.

Ndipo mama mkwe wangu alipoinuka. Hakuitwa kuzungumza, aliitwa kusikiliza, kwa sababu uamuzi ungeweza kuwa nirudishwe kwetu Munanila. Aliegemea benchi la mbele, akanyoosha kidole, si kwa Mama Filomena bali kwangu.

"Mnaona mimba? Mimi naona uzembe! Nilimwambia afungwe. Maji nilichemsha, kitenge nilikunja. Akasema, muuguzi amekataa. Muuguzi! Muuguzi alizaa lini? Hilo tumbo ni la wajukuu wangu, walikaa humo wawili wakaliharibu, na yeye akaliacha hivyo hivyo kama nyumba isiyo na mlinzi. Hilo ni kosa lake, na mimi humsema kila siku. Lakini mimba? Oya, hapana! Nalala naye chumba kimoja mwezi wa kumi. Mwanaume angepita wapi, darini?"

Watu walicheka, na kwa muda nilidhani nimeokolewa, kwa njia ambayo singeichagua.

"Mama mkwe husitiri nyumba yake," Mama Filomena alisema. "Hata mimi ningesitiri."

Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna kipimo cha mkojo duka la dawa, cha dakika tano. Mama Filomena alikataa hicho pia. "Mkojo wa nani? Mkojo hauna jina." Lakini Mwinjilisti alinitazama kwa matumaini. Nilikwisha kukifikiria kipimo hicho tangu Jumatano. Nilikuwa nimekinunua. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu, pale pale, kando ya Biblia.

Sikukitoa.

Nilisimama, nikasema kama nilivyojiandaa, isipokuwa sauti ilitetemeka, jambo ambalo sikuliandaa. Nilisema kwamba nikikubali kupimwa leo, nitapimwa kila mara mume wangu atakapokuwa safarini na mimi nitakapokuwa nimeshiba. Nilisema kwamba hakuna mwanaume aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa sababu ya kitambi, na kwamba wapo humu ndani wenye vitambi vya kutosha. Nilisema kwamba mwili huu umepasuliwa mara moja ili kuwatoa watu wawili, na kwamba haufunguliwi tena kwa ajili ya baraza.

"Na kile kifungu cha ukaguzi nilikiandika mimi," nilimaliza. "Nakifuta."

Mwinjilisti alitikisa kichwa kwa huruma. "Mama Bukuru, wewe unajua. Barua ni ya aliyetia saini. Mwandishi hana mamlaka."

Ni kweli. Maneno hayo hayo nimewaambia wateja wangu kwa miaka.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Nikaguliwe, au nitengwe na kuvuliwa ukatibu, nikae benchi la nyuma pamoja na waliotengwa, hadi muda uthibitishe. Nilichagua benchi. Kisha nikaomba uamuzi huo kwa maandishi, kwa kuwa uamuzi wa mdomo haukatiwi rufaa.

"Vema," Mwinjilisti alisema. "Katibu aandike."

Wote walinigeukia.

Nikaandika. Ndiyo, niliandika, kwa sababu ukatibu wangu ulikuwa unakoma mwisho wa kikao na si kabla. Niliandika kwamba mhusika amekataa kukaguliwa kwa sababu alizozieleza, na nikaziandika sababu zote, pamoja na ile ya vitambi, na mzee mmoja alipotaka ifutwe, Mwinjilisti alisema kilichosemwa kimesemwa. Nikafunga daftari, nikamsukumia Mama Filomena. Mwandiko wake utaanzia ukurasa unaofuata. Mungu amsaidie atakayeusoma.

Tulirudi nyumbani na mama mkwe kwa miguu, tope likitufika vifundoni, yeye mbele na mwavuli wote, mimi nyuma na Butoyi mgongoni, Bukuru akiwa mgongoni kwake. Hakugeuka hata mara moja. Tulipofika kwenye kivuko cha mfereji alisema, "Miezi tisa ni mingi."

"Najua, mama."

"Kesho nitakaa nawe huko nyuma."

Nilianza kumshukuru. Akanikatiza.

"Usinishukuru. Wamesema mwanangu hamjui mke wake. Nakaa kwa ajili ya hilo. Na tumbo lako bado ni uzembe."

Basi hivyo ndivyo mambo yalivyo, saa kumi jioni, mvua ikiwa imepungua. Sitaki pole za mtu. Wale watakaoniandikia hapa chini kunielekeza dawa ya kupunguza tumbo, majani, mkanda, mafuta, nawaomba wasijisumbue. Nimejaribu, na hata kama sikujaribu, haikuwa kazi ya kanisa. Na akina mama wenye matumbo kama langu, mnaosoma kimya kimya, siwaambii kwamba ni zuri. Langu si zuri. Linaumiza mgongo, linatoka vipele wakati wa joto, na nikilishika asubuhi nahisi ninashika kitu cha mtu mwingine. Nawaambia tu kwamba si ushahidi.

Kesho wataanza kuhesabu. Na wahesabu. Watanitazama tumboni kila Jumapili, wakitafuta nyongeza, nami nitavaa gauni la kitenge lililoshonwa kabla ya mapacha, lile linalobana, ili wasipate shida ya kuona. Miezi itatimia, mtoto hatakuja, na kutakuwa na ukimya ambao Mama Filomena atalazimika kuupitia kutoka mlangoni hadi kiti chake cha mbele. Nitakuwapo. Nausubiri tayari.

Hilo la baraza nimelimaliza. Kuna lingine ambalo sijalimaliza.

Baba Bukuru amepiga mara nne tangu tulipofika. Sijapokea. Nimekaa hapa nikimkasirikia kwa lile neno lake, "waonyeshe tu", na kadiri ninavyolikasirikia ndivyo ninavyosikia lile lililotangulia: hajawahi kunionyesha. Hakulisema kwa kunishtaki. Alisema kama mtu anayejibu alichoulizwa, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho mashine hazikukisaga. Wale akina mama watatu nimewaambia hapana, kwa sauti, na kwa haki. Yeye sikumwambia hapana. Nilizima taa tu.

Nilimficha kwa sababu ya macho yake, au ya yangu?

Kesho baada ya ibada nitampigia mimi. Sina cha kuomba radhi kwa baraza wala kwa mwenyekiti wake. Lakini yeye nina jambo moja la kumwambia, nami, ninayewaandikia watu wote wa mtaa huu, nimekaa na kalamu tangu saa tisa na sijui linaanzaje.